MFINYANZI HULIA GAENI: Mdada wa Kunduchi na tanuri la bei ya kutupa

Simu ilitoka Zanzibar Jumatatu saa tatu asubuhi, na aliyepiga wala hakufoka. Hapo ndipo mdada alipojua mambo yameharibika. Meneja wa hoteli akikufokea ujue bado anakutaka. Huyu aliongea taratibu, kwa ile adabu ya watu wa Visiwani: "Dada yangu, vikombe vyako vizuri mashallah, wageni wanavipiga picha. Lakini vinalia."

Vinalia kivipi? Akatumiwa picha WhatsApp. Meza imetandikwa kitambaa cheupe, vikombe vimepangwa, na chini ya kila kimoja kuna duara la maji ya kahawia. Hakuna kilichopasuka wala chenye ufa. Kahawa imo ndani na kikombe kinatoka jasho kwa chini, kama mtungi wa bibi uani.

Sasa mtungi unatakiwa utoe jasho, ndiyo maana maji yake yana ubaridi. Kikombe cha kahawa cha shilingi 12,000 hakitakiwi. Vilikuwa vikombe 60, nusu ya oda ya 120, na hela ya nusu ya kwanza ilishaliwa zamani kwenye udongo, kodi na ada ya mtoto. Meneja alisema jambo moja tu la mwisho: anavihitaji vyote 120, vizima, kabla msimu wa wageni wa mwezi wa sita haujaanza. Vinginevyo angeagiza vya kiwandani.

Wadau, hapo ndipo hadithi ya tanuri inapoanza.

Mdada huyu zamani alikuwa mtu wa benki. Walipopunguzwa kazini, wenzake wengi waliingia kwenye biashara ya nguo na kuku. Yeye akaenda kwenye udongo, watu wakamcheka. Akafungua karakana kwenye banda la gari nyuma ya nyumba aliyoiacha marehemu baba yake Kunduchi, mama yake mzazi akiwa anaishi mle ndani. Aliingia na shoga yake wa tangu chuo, kila mmoja na nusu yake: mdada anafinyanga, shoga anauza. Kwa kuuza, wee acha tu! Shoga yule angeweza kumuuzia samaki maji.

Mtu wa tatu pale karakana ni bibi mmoja Mkisi, mzaliwa wa Ikombe, ng'ambo ya Matema kwenye Ziwa Nyasa. Kwao wanawake wanafinyanga vyungu tangu enzi na enzi, wanavipakia kwenye mitumbwi kwenda kuviuza mnadani Lyulilo. Bibi alikuja Dar kumuuguza binti yake, binti akapona, Bibi akabaki. Siku mdada alipomkuta anauza vyungu pembeni ya barabara Tegeta, alimwamkia, "Shikamoo Bibi," akakichukua chungu, akakigeuza mara tatu, akamwuliza kama angependa kazi. Bibi akamjibu, "Marahaba mjukuu wangu. Kazi ninayo, ndiyo hii umeishika."

Tatizo la karakana ile lilikuwa moja: haikuwa na tanuri. Walikuwa wanakodi nafasi kwenye tanuri la watu, upande wa pili wa jiji. Yaani vikombe vibichi, ambavyo ukivipiga chafya vinavunjika, vinapakiwa kwenye bajaji, vimefungwa magazeti, halafu vinarushwa kwenye matuta kutoka Kunduchi hadi huko. Katika kila kumi vilikuwa vinafika nane. Na ukishavikabidhi, moto si wako tena. Unaambiwa "tayari", unalipa, unabeba.

Baada ya simu ya Zanzibar, mdada alichukua mzani mdogo wa jikoni, ule wa kupimia unga wa keki. Akapima kikombe kimoja kikavu ambacho hakikupakwa glezi, ile rangi ya kioo inayopakwa juu: gramu 300. Akakichemsha kwenye sufuria, akakiacha ndani ya maji usiku kucha, asubuhi akakifuta na kukipima tena. Gramu 333. Kikombe kilikuwa kimekunywa maji asilimia 11 ya uzito wake. Udongo wao waliuchanganya na kaolini ya Pugu, na kwa majaribio waliyofanya mwanzoni ulihitaji moto wa nyuzi 1,220 hivi ili ukaze na ugande kama jiwe. Alipombana mwenye tanuri, jamaa akakiri bila hata kuona aibu: alikuwa anaishia nyuzi 1,040, eti moto mkubwa unamlia koili.

Nyuzi 1,040 zinatosha kwa sufuria la maua. Kikombe cha udongo ule kinakuwa kama sponji lililopakwa rangi. Glezi juu inang'aa, ila chini kwenye kitako, ambako hapakwi kitu, maji yanapata njia.

"Tununue letu," mdada akasema.

"Nilikuwa nakusubiri useme," shoga akajibu.

Kwenye akaunti yao walikuwa na milioni 16, kila mtu nane zake. Za mdada zilitoka kwenye kikoba, na tatu kati ya hizo zilikuwa mkopo wenye riba. Si hela ya kuchezea.

Shoga hakulala. Siku ya pili tu alileta habari: kuna mzungu mmoja Masaki anafunga virago kurudi kwao, ana tanuri la umeme, kubwa, lita 190, linameza vikombe zaidi ya mia kwa mpigo. Anataka milioni sita na nusu. Jipya la ukubwa ule, hadi litoke bandarini, ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Anaondoka Ijumaa, anataka cash. Picha zikaja kwenye simu. Lilikuwa zuri kweli, duara, la bati linalong'aa, mfuniko juu kama sufuria la shughuli. Shoga akaandika chini yake: "Oda ya Zanzibar tunaimaliza kwa moto MMOJA. Nitangulize advansi?" Mdada alikuwa mikono imejaa udongo. Akabonyeza kidole gumba, akaendelea na kazi.

Hicho kidole gumba, wadau, kikumbukeni.

Alhamisi mdada akaenda Masaki na fundi umeme, kijana wa mtaani kwao aliyesomea VETA, mtu wa maneno machache. Mzungu alikuwa mkarimu, akawapa juisi, akaeleza kwamba tanuri alikuja nalo kwenye kontena la vyombo vyake na kwa miaka yote hapa hakuwahi kuliwasha. Fundi hakunywa juisi. Alizunguka nyuma ya tanuri na tochi ya simu, akachutama, akasoma kibati. Akakaa kimya kidogo.

"Dada, hili limeandikwa volti 208. Njia tatu."

"Ndiyo nini?"

"Hili ni la Marekani. Huko kwao mashule na majengo makubwa mengi yana umeme wa 208. Huku kwetu njia moja ni 230, ukishika mistari miwili ni 400."

Mdada alikuwa mtu wa benki, akaomba aelezwe kwa hesabu. Fundi akaandika kwenye vumbi la bati kwa kidole. Koili ya joto haiongezeki nguvu sawa na volti, inaongezeka kwa volti zidisha volti. Koili ya 208 ukiipa 230, volti zimepanda kidogo tu, kama kumi na moja kwa mia, ila nguvu imepanda asilimia 22. Koili zitang'aa vizuri wiki chache, zitakatika, na kabla hazijakatika waya za ndani zitakuwa zimeanza kuungua. Na akitokea fundi mwingine asiyesoma kibati, akaziunga kwenye mistari miwili ya 400, nguvu inakuwa karibu mara nne. "Hapo haifiki hata wiki. Inakufa siku hiyohiyo, na labda haifi peke yake."

Linatengenezeka? Fundi alisema ukweli, linatengenezeka. Unaagiza koili mpya zote za volti za kwetu kutoka kwa waliolitengeneza, unabadilisha waya za ndani, halafu unaomba njia tatu TANESCO ivutwe hadi nyumbani. Ni kazi ya halali kabisa kwa mwenye muda na hela. Wao walikuwa na wiki kumi na nne na mkopo wa kikoba.

Kisha fundi akauliza swali lililomkata mdada maini: "Na waya za pale kwa mzee umeziangalia lini? Zile ni za enzi za Mwinyi."

Usiku ule mdada hakulala. Alikuwa anamfikiria mama yake, amelala chumba kinachopakana na banda la gari.

Kesho yake asubuhi akampigia shoga amwambie biashara ya Masaki imekufa. Upande wa pili pakawa kimya. Halafu: "Nimeshatanguliza milioni mbili. Jumatano. Si ulinikubalia?"

Kumbe kidole gumba kilikuwa kimeshafanya kazi.

Ugomvi ulikuwa mkubwa, ila tuuache kidogo, kwa sababu palepale katikati ya ugomvi ndipo Bibi alipoingilia. Walikuwa wanabishana karakana, shoga anasema kubwa litengenezwe hivyohivyo maana "biashara haikui kwa kununua vidogo", mdada anasema nyumba ya baba yake haiungui kwa ajili ya bei chee. Bibi alikuwa kwenye kigoda anasugua mdomo wa chungu kwa kokoto laini. Hakuinua uso.

"Kwa wiki mnafinyanga vikombe vingapi?"

"Mia," shoga akasema.

Bibi akanyoosha kidole kwenye shelfu. Wakahesabu. Vya wiki ile vilikuwa 43. Vya wiki iliyopita, mdada alikuwa ameandika kwenye kaunta buku lake, 41.

"Basi hilo tanuri la mia mtalijaza kwa wiki mbili na nusu," Bibi akasema. "Na mwenzenu wa Zanzibar anasubiri. Au mtaliwasha nusu tupu, mchome umeme wa kupasha hewa. Kwetu tunapanga vyungu tulivyonavyo, tunafunika kuni na majani, tunawasha. Hatujawahi kujenga moto mkubwa kuliko vyungu." Akapuliza vumbi. "Halafu moto ukikosea, mjukuu wangu, unakosea na vyote vilivyomo."

Shoga alichukua mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Wiki ile mdada aliifanya kazi ambayo alitakiwa kuifanya kabla ya kuangalia tanuri lolote. Fundi alimwachia kimita kidogo cha kupimia umeme, na kwa siku saba akawa anapima volti za banda na kuandika kwenye kaunta buku. Saa nane usiku, 231. Saa nne asubuhi, 226. Saa mbili usiku, mtaa mzima umewasha viyoyozi, feni na TV za tamthilia: 200. Siku moja, 196.

Hizo namba zilikuwa na maana kubwa kuliko picha zote za matanuri kwenye simu yake. Kwa hesabu ileile ya fundi, tanuri la kilowati 7 kwenye volti 230 likipewa volti 200 linabaki na kilowati 5 na kidogo. Robo ya nguvu imeyeyuka. Kwenye karatasi za matangazo wanaandika "linafika nyuzi 1,300", lakini hapo volti zimetimia na koili ni mpya. Koili zikizeeka zinalegea. Ukinunua tanuri ambalo mwisho wake ni palepale unapotaka wewe, siku volti zikishuka litapanda hadi 1,170, 1,180, litasimama hapo kama daladala iliyoishiwa mafuta kwenye mlima, na mita inaendelea kula uniti. Ndiyo maana mtu anayechoma nyuzi 1,220 anatakiwa atafute linalofika 1,300, apate akiba.

Kwa hiyo alilochagua lilikuwa dogo hadi akaona haya kuwaonyesha watu picha yake. Lita 80. Kilowati 7, volti 230, njia moja, kama ampea 30. Mwisho wake nyuzi 1,300. Linafunguka juu, kwa sababu yanayofunguka mbele kama kabati ni mazuri kwa mgongo ila bei yake nyingine kabisa. Matofali ya ndani ni yale mepesi yanayoshika joto, na koili zake ukizihitaji unaziagiza zenyewe, huhitaji kutupa tanuri. Kontrola yake umeme ukikatika na kurudi, inakumbuka ilipofikia na kuendelea. Kwa mtu wa Dar, hicho kipengele kilimfanya atabasamu peke yake.

Bei yake na meli, ushuru na wakala wa forodha ilikuwa milioni 11.8. Yaani dogo, halifiki hata nusu ya lile la Masaki, kwa karibu mara mbili ya bei. Ukisikia watu walivyomsema! Binamu yake mmoja alimwambia amenunua "friji ya bei ya gari".

Hela iliyobaki ikaenda kwenye vitu ambavyo havipigwi picha. Waya mpya wa milimita 10 kutoka kwenye mita hadi bandani, wa tanuri peke yake, hauchangii na soketi hata moja. Sakiti breka yake, ya ampea 40. Silingibodi ya banda ikang'olewa. Tanuri likawekwa juu ya sakafu ya zege, nusu mita kutoka kila ukuta, upande wa uani ambako hewa inapita, kwa sababu udongo ukiungua mara ya kwanza unatoa moshi wenye hewa ya ukaa na salfa, na chumba cha mama kiko jirani. Hata upepo wa bahari ulifikiriwa. Kunduchi chuma kinaota kutu ukikiangalia, kwa hiyo likashonewa turubai la kufunikwa likiwa limepoa.

Tanuri lilifika mwisho wa mwezi wa nne, masika yamepamba moto. Mdada akiwa na wiki tano.

Akajaza vikombe 45 kwa uchomaji wa kwanza. Bibi alikuwa na mazoea yake: kila kikombe anakigusisha shavuni. Kikiwa cha baridi, bado kina maji ndani, anakirudisha kwenye shelfu. Siku hiyo Bibi alikuwa kliniki na mdada alikuwa na haraka. Vilionekana vikavu, rangi imeshapauka. Akafunga mfuniko, akawasha.

Saa ya pili ilipofika, pa! Akadhani ni mwanzi wa jirani. Pa! Pa!

Maji yaliyojificha ndani ya udongo yakipita nyuzi 100 yanakuwa mvuke, na mvuke ukikosa njia unaitengeneza. Vikombe saba vilikuwa vipande, na vipande vimewavunja mikono jirani zao wawili. Bibi aliporudi hakusema kitu. Alichukua kikombe kibichi kwenye shelfu, akakiweka kwenye shavu la mdada, akakishikilia pale.

Kilikuwa cha baridi kama chupa ya soda.

Tangu siku hiyo, masika au kiangazi, tanuri linaanza na saa tatu za moto mdogo usiofika nyuzi 100, ndipo linapanda. Na mdada alijifunza kupanga saa kwa kufuata mtaa. Anawasha saa kumi na moja jioni. Zile saa za volti mbovu, moja hadi nne usiku, tanuri bado liko chini halihitaji nguvu nyingi. Majirani wakizima TV, volti zinapanda, na hapo ndipo tanuri nalo linataka kila kilowati. Saa nane au tisa usiku linafika juu. Yeye analala kwenye mkeka karibu yake, simu imewekwa kengele kila saa. Halichi hadi lizime. Fundi alimwambia kontrola ni mtumishi mzuri, ila hata mtumishi mzuri huwezi kumwachia nyumba yenye mama yako.

Uchomaji wa glezi wa kwanza kioo kiliandika 1,222 safi. Lakini alikuwa ameweka koni, vile vipiramidi vidogo vya udongo maalumu vinavyoinama moto ukitosha. Ya juu ilikuwa imeinama vizuri kama mtu anayesujudu. Ya shelfu ya chini ilikuwa imesimama nusu. Kipima joto kinasema ukweli wa pale kilipo tu. Safari ya pili akaongeza dakika 15 za kukaa kwenye joto la juu kabla ya kuzima, na koni zote mbili zikainama.

Umeme je? Mita ya LUKU ilisoma: uchomaji wa kwanza uniti 25, wa glezi 35. Uniti 60 kwa vikombe 45, kwa shilingi mia tatu hamsini na kitu kila uniti, kama shilingi 21,000. Haifiki shilingi 500 kwa kikombe. Nauli ya bajaji peke yake ilikuwa inazidi hapo, na wawili kati ya kumi walikuwa wanafia njiani.

Lakini namba aliyokuwa anaisubiri haikuwa hiyo. Alichukua kikombe kisicho na glezi kutoka kwenye tanuri lake, akakipima: gramu 300. Akakichemsha, akakilaza kwenye maji, akaamka alfajiri kabla ya adhana kukipima. Gramu 306. Akapima tena, haamini. 306. Asilimia mbili. Alimwamsha mama yake kumwonyesha mzani, mama akauliza kama kuna msiba.

Vikombe 120 vilivuka kwenda Zanzibar kwa boti tarehe 29 mwezi wa tano. Meneja alituma picha moja tu, bila maneno: kitambaa cheupe, kikombe kimeinuliwa, chini pakavu.

Turudi kwa shoga.

Mzungu alikuwa muungwana, alirudisha milioni moja kati ya mbili, nyingine akasema alishaitumia na kuna mnunuzi aliyemkatalia kwa ajili yao. Ikabaki milioni moja iliyopotea. Watu wote walimwambia mdada hiyo ni ya shoga, aliitoa kwa kiherehere chake, ikatwe kwenye nane zake. Kwa wiki tatu hawakusemeshana. Shoga akaanza kuulizia jinsi ya kutoa hela zake zote, na kama angezitoa, tanuri lisingetoka bandarini.

Mdada alifungua WhatsApp akaisoma upya ile meseji. "Nitangulize advansi?" Na chini yake kidole gumba chake mwenyewe. Alikuwa ameulizwa, amejibu, hakusoma. Angeweza kusema hakuelewa, na watu wangemuunga mkono. Akampigia shoga, akamwambia: "Hiyo milioni tugawane. Laki tano zako, laki tano zangu. Ulikosea kwenda mbio, na mimi nilikosea kujibu bila kuangalia."

Shoga alilia kwenye simu. Hela hakuitoa. Lakini tusidanganyane, haijawa kama zamani. Siku hizi kila malipo yanayozidi laki mbili yanaandikwa kwenye kaunta buku na kusainiwa na wote wawili, na watu waliokuwa wanavaa nguo za kuazimana wakisainishana kwenye kaunta buku, kuna kitu kimepungua. Salamu zao zina kibaridi. Kazi inakwenda, tena vizuri, na shoga ndiye aliyeleta oda mbili mpya. Alisema pia kitu cha kweli: wakifika vikombe mia kwa wiki, lile dogo halitatosha. Mdada amekubali. Ameandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kaunta buku, kwa kalamu nyekundu, maswali ya siku hiyo: Tunafinyanga vingapi KWELI kwa wiki? Udongo wetu unataka moto gani? Ukutani kuna volti ngapi saa mbili usiku? Kibati kinasemaje? Likiharibika, koili zinatoka wapi? Na nani analala chumba cha pili?

Na yeye mwenyewe chai anainywea wapi? Kwenye kimoja cha vile vilivyovunjwa mkono siku ya pa-pa-pa. Alikichoma hivyohivyo bila mkono, anakishika kwa leso. Bibi kila akimwona anacheka: "Mfinyanzi hulia gaeni." Mdada anamjibu kwamba gae lenyewe angalau halilii.

Haya wadau. Wapo wanaosema mdada alikuwa mjinga kubeba laki tano ambazo hakuzitoa yeye. Wapo wanaosema kidole gumba ni saini kama saini nyingine. Ingekuwa ni wewe na shoga'ako, ungegawana hiyo hasara, au ungemkata?